Oksijeni 98 si ushahidi kwamba mtoto anapumua

Dhana: kipimo cha kidoleni kikisoma 98, mtoto aliye kwenye mashine ya kupumulia yu salama.

Kile kidude kinapima oksijeni tu. Mtoto aliyekuwa akipewa oksijeni nyingi ana akiba mapafuni, kwa hiyo mrija wa kupumulia, uliopitishwa mdomoni hadi kwenye koo la hewa, ukichomoka namba haianguki papo hapo. Kapnografu, inayopima hewa ukaa katika kila pumzi anayotoa, huonyesha jambo hilo ndani ya pumzi chache: mawimbi yanalala na kuwa mstari.

Mtoto anayehamishwa kutoka Lamu hubebwa kwa machela hadi gatini, akashushwa botini, akavushwa Manda kupanda ndege au Mokowe kuingizwa kwenye gari. Kila anapoinuliwa, mrija unaweza kusogea. Kidevu kikishuka kifuani unazama ndani. Kichwa kikirudi nyuma unapanda juu, na kwa mtoto mchanga sentimita moja tu yatosha kuutoa mahali pake. Mngurumo wa injini ya boti unafanya stethoskopu isisaidie kitu. Basi andikeni alama ya sentimita ya mrija iliyo mdomoni kabla ya kuondoka, na baada ya kila kuhama tazameni wimbi kwanza, kisha alama.

Dhana: namba ya hewa ukaa kwenye skrini ya kapnografu ndiyo iliyo katika damu.

Mapafu yakiwa mazima, skrini husoma chini ya damu ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) kwa kama 2 hadi 5 mmHg, kizio cha shinikizo la gesi. Kwa mtoto mwenye nimonia kali au aliyeshukiwa na presha, pengo hufika 15 na kuzidi. Hapa ndipo watu wengi hukosea: skrini inashuka kutoka 42 hadi 28, wanadhani anapumuliwa kupita kiasi, wanapunguza mashine. Kumbe damu haifiki mapafuni vya kutosha kupeleka hewa ukaa, na damuni imefika 60! Mrija usio na puto la kuziba kando yake ukivujisha hewa kando pia hushusha namba kwa uongo. Pimeni gesi za damu, na dakika ileile andikeni namba ya skrini. Pengo likibaki lilelile, fuateni skrini. Likitanuka, angalieni presha, mikono kama ni baridi, na mapafu.

Dhana: hewa ukaa ikipita 45, mashine iongezwe.

Si lazima. Kwa mapafu yaliyoumia, kusukuma hewa kwa nguvu huyaumiza zaidi, na madaktari huvumilia 50 au 60 maadamu pH (kipimo cha asidi ya damu) haishuki sana, mara nyingi isiwe chini ya 7.20. Aliyeumia kichwa ni habari nyingine: kwake hulengwa 35 hadi 40, maana ikipanda mishipa ya ubongo hutanuka na shinikizo kuongezeka, na ikishushwa mno ubongo unakosa damu.

Dhana: mstari ukilala, kipimo kimeharibika.

Aangaliwe mtoto kwanza. Kifua kinainuka? Kama hakiinuki, mtoeni kwenye mashine, mpumulieni kwa mfuko wa mkono, mhakikishe mrija haujachomoka wala kuziba. Moyo ukiwa umesimama, namba chini ya 10 ni ishara ya kuboresha ukandamizaji wa kifua. Hayo yakishaondolewa ndipo mkague kifaa: kijirija cha kuvutia hewa huziba kwa maji au makohozi, kwa kuwa pumzi ya kwenye mashine imejaa unyevu. Tundu lake lielekezwe juu, na kikiziba kibadilishwe; msiyapulize maji kumrudia mtoto.

Kiungio cha kapnografu, kinachowekwa kati ya mrija na mashine, nacho kiwe cha saizi ya mtoto. Mtoto wa kilo 3 akipewa mililita 6 kwa kilo, pumzi nzima ni mililita 18. Mkimwekea kiungio cha mtu mzima chenye nafasi ya mililita 5, zaidi ya robo ya pumzi inaishia humo, na hewa ukaa mnayoiona ikipanda mmeisababisha wenyewe.