Derrick Henry na hatua zake tatu za kwanza

Kila msimu wa drafti ya NFL (timu za ligi ya futiboli ya Marekani zikichagua wachezaji wa vyuo kwa zamu) ukikaribia, sisi tunaoshinda kwenye video za raning-beki lazima turudi kwenye ubishi wa Derrick Henry, kama alistahili kuchaguliwa mapema au la, na mimi msimamo wangu haujabadilika: watu walibishania urefu wake wakati tatizo lilikuwa kwenye hatua tatu za kwanza.

Kwa asiyefuatilia sana, raning-beki ndo yule anayepewa mpira mkononi na kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, alafu anatafuta upenyo. Henry alitoka chuo cha Alabama na tuzo ya Heisman ya 2015, ile ya mchezaji bora wa vyuo, msimu mmoja kabeba mpira mara 395, yadi 2,219, tachidauni (kuuingiza mpira eneo la mwisho la wapinzani) 28. Na bado 2016 alisubiri mpaka chaguo la 45, wakati raning-beki mwenzie Ezekiel Elliott kashachukuliwa wa 4.

Walisema mrefu mno. Mita 1.90, kilo kama 112, anakimbia wima bila kuinama, na huu mchezo anayeingia chini ndo anamwangusha mwenzie. Wakasema pia kachoka, mechi na chuo cha Auburn peke yake alibeba mara 46. Mi ile mechi nimeirudia sana, na robo ya nne waliokuwa wanachelewa kuinuka ni mabeki wa Auburn, yeye bado anaomba mpira. Alafu kulikuwa na kivuli cha Trent Richardson, naye wa Alabama, chaguo la 3 mwaka 2012 na akafeli vibaya, kwa hiyo watu wakaogopa jezi badala ya kumwangalia mtu.

Sasa simamisha video pale anapopokea mpira. Hatua ya kwanza fupi, ya pili bado nyonga anaigeuza, ya tatu ndo bega linashuka na mwili wote unaelekea mbele. Beki akipenya kabla ya hiyo ya tatu, Henry anaanguka kirahisi kama mtu yeyote, yadi mbili nyuma. Alabama hukuona sana kwa sababu laini ya mbele, wale wanaozuia mabeki, ilikuwa inamfungulia njia mapema. Akishaimaliza hiyo ya tatu basi tena, waulize timu ya Jacksonville, Desemba 2018 alikimbia yadi 99 huku anasukuma mabeki kwa mkono mmoja mmoja baada ya mwingine.

Yaani huo udhaifu ni wa kweli kabisa ila kocha anaweza kuuzunguka, mpe laini nzuri na nafasi ya kushika kasi, Tennessee, timu yake ya kwanza NFL, walivyofanya hivo 2020 akapata yadi 2,027.

Wenzangu walionishinda ni wale waliosema hapokei pasi. Chuo kizima alidaka 17 tu, nikadhani atajifunza. Hata alipokuwa timu ya Baltimore 2024, msimu wa yadi 1,921, dauni ya tatu ya kupasi (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi) mara nyingi aliyeingia ni raning-beki mwenzie Justice Hill.