Kiwanda kikifa, jumba la maduka linarithi nini?

Ukurasa wa Wikipedia ulikuwa na mistari kumi na moja, na tisa kati ya hiyo ilikuwa tangazo. "Maegesho ya kutosha." "Mazingira tulivu kwa familia nzima." Mwishoni kabisa, kama mgeni anayekumbuka neno akiwa ameshafika mlangoni, mwandishi aliongeza kwamba jumba hilo la maduka limejengwa mahali palipokuwa na kiwanda zamani. Nikabandika kigezo cha kufuta, yaani alama inayopendekeza makala ifutwe. Saa moja haijaisha, mwenye makala akatua kwenye ukurasa wa majadiliano: "Kaka, hapo palikuwa kiwanda! Unafutaje historia?"

Nahariri Wikipedia ya Kiswahili kwa miaka kadhaa sasa, na ubishi wa namna hii naujua. Ila swali lake lilikuwa zuri kuliko makala yake, na siku ile nilimjibu kwa mkato. Hapa nina nafasi.

Kwanza, neno lenyewe linatuponza. Kanuni ya kupima kama kitu kinastahili makala tumezoea kuiita "umaarufu", na msomaji akisikia umaarufu anafikiria kujulikana: makonda wa daladala wakishalifanya jumba kuwa jina la kituo, yamekwisha. Sivyo. Kinachoulizwa ni kama watu wasio na maslahi na jumba hilo wameliandika kwa kina mahali panapoaminika. Kutajwa kwenye habari ya foleni si kuandikwa kwa kina. Duka la Mangi mtaani kwangu linajulikana hata na mbuzi, lakini siwezi kuliandikia makala. Nikishasema lipo wapi na linafungwa saa ngapi, sina sentensi ya tatu yenye chanzo.

Mdogo wangu huyu mwenye makala alileta vyanzo vitano. Cha kwanza tovuti ya jumba lenyewe, cha pili ukurasa wa Facebook wa jumba hilohilo, vitatu vilivyobaki ni magazeti. Nikayafungua yote matatu sambamba kwenye skrini. Aya ya pili ilikuwa ileile neno kwa neno, na jina la mkandarasi lilikosewa tahajia herufi ileile kote. Hiyo ni taarifa kwa vyombo vya habari iliyopita mezani kwa wahariri bila kuguswa. Magazeti matatu, mwandishi mmoja, naye analipwa na idara ya masoko ya jumba. Hesabu ya vyanzo huru: sifuri.

Sasa tuje kwenye ardhi, maana hapo ndipo alipokuwa na hoja.

Chukua jumba la maduka la Meadowhall, kule Sheffield, Uingereza. Lilifunguliwa Septemba 1990 palipokuwa na kiwanda cha chuma cha East Hecla cha kampuni ya Hadfields. Mwaka 1882 Robert Hadfield aligundua chuma cha manganizi, chuma ambacho kadiri unavyokigonga ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu. Kikawa chuma cha njiapanda za reli na mashine za kuponda mawe. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, kampuni ilitengeneza makombora. Mwaka 1980, wafanyakazi wa chuma walipogoma nchi nzima, makundi ya wagomaji yalijaa kwenye mageti ya Hadfields, na wachimba makaa ya mawe wakaja kuwaunga mkono. Miaka michache baadaye tanuri zikazimwa.

Historia hiyo ni nzito, na vitabu vipo. Lakini isome tena: hakuna hata sentensi moja inayohusu maduka. Ukivibeba vyanzo hivyo vyote kwenye mjadala, utakuwa umethibitisha kwamba Hadfields inastahili makala. Meadowhall bado halijathibitishiwa kitu. Umaarufu haurithiwi kama shamba.

Meadowhall linasimama kwa miguu yake mwenyewe. Watafiti wa mipango miji waliandika kwa miaka jinsi majumba ya nje ya mji ya kizazi chake yalivyovuta wanunuzi kutoka katikati ya miji. Wengine walihesabu ajira: kazi za wanaume kwenye tanuri zimeondoka, zimekuja kazi za kaunta, nyingi za nusu siku. Katika miaka ya 1990 serikali ya Uingereza ilibana masharti ya kujenga majumba kama hayo nje ya miji. Huo ni mjadala kuhusu jumba lenyewe na aina yake, umeandikwa na watu wasiouza viatu humo. Ndani ya jumba kuna pia sanamu ya shaba ya mafundi wakimimina chuma kilichoyeyuka. Nimeona watu wakiitaja kama ushahidi wa thamani ya kihistoria. Ni sanamu nzuri, lakini jengo likijiwekea kumbukumbu ndani ya kuta zake, huyo ni mwenye nyumba anajisifia nyumba yake.

Mumbai, India, iliyoitwa Bombay zamani, ni karibu zaidi na sisi kuliko ramani inavyoonyesha, kwa kuwa vitambaa vya viwanda vya Bombay vilivaliwa Unguja na Mombasa kabla babu zetu hawajazaliwa. Kiwanda cha pamba cha Phoenix kilianzishwa 1905, eneo la Lower Parel. Januari 1982 Datta Samant aliongoza mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa nguo, karibu robo milioni, na viwanda vingi havikuinuka tena. Leo ndani ya uwanja wa Phoenix kuna jumba la maduka ya kifahari, na bomba la moshi la kiwanda bado limesimama katikati yake. Hapa jibu langu ni ndiyo bila kusita, na sababu si lile bomba. Sababu ni ugomvi uliofuata juu ya ardhi za viwanda. Kanuni ya mwaka 1991 ilisema ardhi ya kiwanda ikiendelezwa igawanywe: theluthi ya jiji, theluthi ya nyumba za umma, theluthi ya mwenye kiwanda. Mwaka 2001 ikabadilishwa ili mgawo uhusu ile ardhi tupu tu, isiyo na jengo, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya India ikayaunga mkono mabadiliko hayo. Majumba ya maduka yaliyoota pale yako ndani ya ugomvi huo. Kiwanda na jumba vimefungwa kwenye hadithi moja na watu wa nje, si na mhariri wa Wikipedia aliyeviunganisha kwa "na" yake mwenyewe.

Kwa hiyo ninapoletewa jumba juu ya kiwanda, huwa nauliza pia kuta ziko wapi. Kule Łódź, Poland, jumba la Manufaktura lilifunguliwa 2006 ndani ya majengo yaleyale ya matofali mekundu ya kiwanda cha pamba cha Izrael Poznański. Hapo naandika makala moja yenye maisha mawili. Kiwanda kikibomolewa hadi msingi, nataka makala mbili, au moja ya kiwanda, na jumba lipate aya. Wenzangu wengine hawakubaliani na kipimo hiki, hatujamaliza kubishana.

Hapa kwetu fikiria Urafiki pale Ubungo, kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968. Hicho makala yake hainipi taabu hata kidogo. Tuseme kesho kutwa mtu aweke maduka pale: Urafiki itabaki na makala yake, na maduka yatasubiri mtu wa nje ayaandike.

Nikamuuliza kijana: kiwanda chako kiliitwaje? Hakujua. Alikuwa ameandika "kiwanda" tu. Akaenda kwa mjomba wake, ambaye kumbe alifanya kazi zamu ya usiku kwenye vitanda vya kufumia, na akarudi na jina, na mwaka ambao mishahara ilianza kuchelewa, na wimbo waliokuwa wakiimba getini. Wimbo sikuweza kuuweka. Maneno ya mjomba si chanzo kwa kanuni zetu, na hapo kanuni hainifurahishi, maana nusu ya historia yetu ya viwanda imehifadhiwa na wajomba. Lakini jina lilifungua mlango. Tulipata ripoti ya zamani ya serikali na kurasa nne za kitabu cha historia ya uchumi.

Makala ya kiwanda sasa ipo, kijana ndiye aliyeianzisha. Ukitafuta jina la jumba la maduka unaelekezwa huko. Lina sentensi moja, chini kabisa, na maegesho hayamo.