Simu ya Mama, Kitabu cha Jioni

Katika vijiji vya Newala, Tandahimba na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, bajeti ya nyumba hufuata msimu wa korosho. Fedha huingia minada inapofunguliwa kuanzia Oktoba, na zikianza kupungua, kitabu cha hadithi ndicho cha kwanza kuachwa, kwa sababu sare, daftari na unga havingoji. Elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 iliwapunguzia wazazi mzigo, lakini haikuleta hadithi nyumbani, na mtoto asiyejua kitabu kingine zaidi ya kile cha kiada huchukulia kusoma kuwa kazi ya mtihani tu.

Kama mkutubi, naamini simu janja iliyomo mfukoni mwa mzazi inaweza kuziba sehemu ya pengo hilo. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hutoa hadithi za picha bila malipo, zikiwemo za Kiswahili, kwa leseni huria inayoruhusu kunakili na kugawa. Hadithi hupakuliwa mara moja, kisha husomwa bila bando na hurushwa kwa Bluetooth kutoka simu moja hadi nyingine.

Simu peke yake, hata hivyo, haimfundishi mtoto kupenda kusoma. Marekani ilipozindua Open eBooks, programu ya vitabu vya kidijitali, mwaka 2016 kwa ajili ya watoto wa familia zenye kipato kidogo, vitabu vilikuwa bure, lakini ilibidi mwalimu au mkutubi awapatie watoto namba za kuingilia. Kwetu mtu mzima huyo anaweza kuwa bibi asiyejua kusoma. Mjukuu anapita na kidole chini ya maneno, akikwama anarudia silabi, naye bibi anaitazama picha ya fisi na kuuliza kwa Kimakonde, "Kisha akafanyaje?" Swali hilo humlazimisha mtoto kurudi kwenye sentensi na kuielewa, si kuitamka tu.

Dakika 15 kila jioni zinatosha, mwanga wa simu ukiwa umepunguzwa na data zikiwa zimezimwa ili video zisiingilie kati. Nawaomba walimu wakuu watenge nusu saa katika mkutano ujao wa wazazi: mwalimu aje na hadithi tano alizokwisha kuzipakua, azirushe kwenye simu zilizopo, na asome ya kwanza kwa sauti mbele ya wazazi wote.