Je, wajua kwa nini katuni ya askari wawili iliwauma wakubwa wa Uingereza kuliko ripoti?

Februari 1855, vita vya Crimea, Uingereza na washirika wake dhidi ya Urusi, vimepamba moto, jarida la Punch la London likatoa katuni ya mchoraji John Leech. Askari wawili wamesimama kwenye theluji, nguo matambara matupu. Mmoja anamwambia mwenzake kuna habari njema toka nyumbani, tunapewa medali. Mwenzake anamjibu wamefanya vizuri sana, labda siku moja tutapata na koti la kuibandikia.

Hakuna waziri aliyetajwa wala mzabuni, lakini kila msomaji alijua anayesemwa ni nani.

Makoti yalikuwa wapi sasa? Mengi yalizama tarehe 14 Novemba 1854, dhoruba ilipopiga nje ya bandari ya Balaklava huko Crimea na meli iitwayo Prince ikaenda chini na shehena ya nguo za baridi. Hiyo sawa, ni bahati mbaya. Ila kahawa je? Waliwatumia askari kahawa mbichi, haijakaangwa, watu hawana kuni wala cha kusagia. Maji ya ndimu, ambayo ndiyo dawa ya kiseyeye, yalifika Desemba, askari fizi zinatoka damu kwa ugonjwa huo, yakakaa stoo mpaka Februari kwa sababu hakuna aliyetoa amri yagawiwe! Viatu vilikuja vidogo, vibovu, soli zinabaki kwenye matope. Na idara ya ugavi yenyewe mpaka mwishoni mwa 1854 ilikuwa chini ya Hazina, yaani makarani wa London wanabana hela huku askari wanakufa. Zaidi ya 16,000 walikufa kwa magonjwa, wengi kuliko waliouawa na Warusi.

Na wananchi walishaonja mchezo wa tenda kabla ya hapo. Mwaka 1852 kule Gosport, Uingereza, yalifunguliwa makopo ya nyama ya jeshi la majini, tenda ya Stephan Goldner, sehemu kubwa ikakutwa imeoza. Kwa hiyo ukichora askari mwenye viatu vilivyobanduka huna haja ya kueleza sana.

Kingine ni kwamba picha za kamera hazikusaidia. Mpiga picha Roger Fenton alienda Crimea 1855 na kamera yake, lakini magazeti hayakuwa na njia ya kuchapa picha za kamera moja kwa moja, na yeye mwenyewe maiti hakupiga. Mchoro ndio ulipita, unachongwa kwenye kibao cha mti mgumu halafu unaingia mashineni pamoja na maandishi. William Howard Russell, mwandishi wa gazeti la The Times, aliandika hali halisi kwa urefu na aliandika vizuri mno, ila habari ndefu unaisoma unaiweka pembeni, wale askari wawili unawaona na kesho yake bado unao kichwani, mimi naona nguvu yote ilikuwa hapo.

Katuni haikuiangusha serikali, hilo tuwe wakweli. Bunge lilishapiga kura 305 kwa 148 tarehe 29 Januari kutaka uchunguzi na Waziri Mkuu Aberdeen akaondoka. Leech alikuja baadaye, wakati wakubwa wanatupiana mpira. Wachunguzi McNeill na Tulloch walitumwa Crimea, ripoti yao ya 1856 ikataja maofisa kwa majina, halafu likaundwa jopo la majenerali, wakakaa Chelsea, London, maofisa wote wakasafishwa.