Je, wajua? Kwa nini mashine ndogo ya midundo huitikia kidole upesi kuliko kompyuta yenye nguvu zaidi

Minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba na fedha kuingia mikononi mwa watu, vijana wenye studio ndogo za Mtwara na Lindi hurudia swali lilelile: wanunue kompyuta mpakato mpya, au wanunue mashine ya kutengenezea muziki inayojitegemea, ile yenye pedi za kupiga kwa vidole na isiyohitaji kompyuta yoyote? Wanaoitetea mashine hutaja jambo ambalo kila aliyeigusa hulihisi. Ukiipiga pedi, sauti hutoka papo hapo, ilhali kwenye kompyuta yenye prosesa kali mara kadhaa zaidi, sauti huburuta nyuma ya kidole.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mashine ile si kompyuta. Kwamba ni chombo cha muziki kama ngoma au gitaa, na ndiyo maana hakichelewi. Maelezo hayo si sahihi, na inafaa kuyachambua kwa kirefu kwa sababu humfanya mtu anunue kitu kwa sababu isiyokuwepo.

Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1988 kampuni ya Akai ilitoa MPC60, iliyobuniwa na Roger Linn, ikiwa na pedi 16 na kumbukumbu ya kawaida iliyotosha sekunde 13 hivi za sauti. Hata hiyo ilikuwa na prosesa na programu ndani yake. Baadaye kompyuta zilipata nguvu, na zikaja pedi ambazo hazikuwa na sauti zake zenyewe: Maschine ya Native Instruments mwaka 2009 na MPC Renaissance ya Akai mwaka 2012 zilituma tu taarifa za kidole, na kazi yote ikafanywa na kompyuta iliyo pembeni. Mwaka 2017 Akai ilirudi kwenye mashine zinazojitegemea kwa kutoa MPC Live na MPC X.

Ukizifungua mashine hizo mpya, utakuta prosesa ya ARM yenye viini vinne, ya ukoo mmoja na zile za simu na tableti, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2, na mfumo endeshi wa Linux. Maschine+ ya mwaka 2020 inatumia prosesa ya Intel Atom. Toleo linalojitegemea la Push 3 ya Ableton, lililotoka mwaka 2023, lina prosesa ya Intel Core i3 na RAM ya GB 8, yaani vitu ambavyo fundi yeyote wa kompyuta angevitambua bila kuuliza. Kwa hiyo mashine inayoitwa "si kompyuta" ni kompyuta kamili, na mara nyingi ni dhaifu kuliko ile iliyo mezani kwa mwenye studio. Jambo hili ndilo linalolifanya swali letu kuwa la kuvutia: kilicho dhaifu kimewezaje kuwahi?

Kosa la pili ni kudhani kwamba vifaa visivyo na kompyuta havicheleweshi kabisa. Waya wa MIDI, yaani ule unaopitisha taarifa za noti kati ya ala, uliokubaliwa na watengenezaji mwaka 1983 na ambao bado unaunganisha kibodi na mashine nyingi, hupitisha biti 31,250 kwa sekunde. Taarifa ya kawaida ya noti moja huchukua karibu milisekunde 1 (sehemu moja ya elfu ya sekunde) kupita humo, nazo taarifa hupita moja baada ya nyingine. Kwa hiyo kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, yenye noti nne hutandazwa katika milisekunde karibu 4 hata kama vidole vimeshuka pamoja. Hewa nayo huchelewesha. Sauti husafiri mita zipatazo 343 kwa sekunde, ambayo ni sentimita 34 kwa milisekunde, hivyo wapiga ngoma wawili wa sindimba waliosimama umbali wa mita tatu na nusu husikiana kwa kuchelewa milisekunde 10, na ngoma yao haiharibiki. Ucheleweshaji uko kila mahali. La muhimu ni ukubwa wake na kama unabaki palepale au unabadilikabadilika.

Sasa tuingie ndani ya kompyuta. Sauti ya kidijitali ni mfululizo wa vipimo, kwa kawaida 44,100 kwa kila sekunde. Programu haivipeleki kwenye spika kimoja kimoja, bali huvikusanya katika mafungu, na mahali pa kukusanyia huitwa bafa. Fungu likiwa la vipimo 128, huchukua milisekunde 2.9 kuchezwa, likiwa la vipimo 1,024, huchukua milisekunde 23.2. Fungu moja linapochezwa, programu inaandaa linalofuata.

Fikiria kivuko cha kutoka Mtwara mjini kwenda Msangamkuu, na uchukulie kwamba ng'ambo ya pili lazima abiria wawe wanashuka wakati wote bila kukatika. Ukiweka chombo kikubwa kinachoondoka mara chache, mabaharia wana nafasi ya kutosha kati ya safari na safari, na mmoja wao akiitwa pembeni kwa dakika chache hakuna kitakachoharibika, kwa kuwa ng'ambo ya pili bado watu wengi wanaendelea kushuka. Lakini abiria aliyefika mara tu lango lilipofungwa atangoja sana. Abiria huyo ni kidole chako: umeipiga pedi wakati fungu limekwisha kuandaliwa, na sauti yako lazima isubiri safari inayofuata. Ukiweka chombo kidogo kinachoondoka kila mara, abiria hangoji, ila sasa mabaharia hawana nafasi ya kupumua. Baharia akiitwa pembeni kwa zile dakika chache, chombo hukosa saa yake na ng'ambo ya pili watu huacha kushuka. Katika spika, pengo hilo husikika kama mlio mkavu wa kukatika, na kila prodyuza anaufahamu.

Angalia kwamba nguvu za mabaharia hazikutajwa. Wawe hodari kiasi gani katika kupakia, asiyekuwepo hapakii. Prosesa kali hupakia upesi, na hiyo ni faida ya kweli unapotumia plagini nzito, yaani programu ndogo za sauti zinazochomekwa ndani ya ile kubwa. Lakini katika kompyuta ya matumizi yote prosesa hiyohiyo huitwa pembeni na draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi, na programu ya kinga dhidi ya virusi, na masasisho yanayojipakua yenyewe, na mpangilio wa kuokoa betri unaopunguza kasi yake. Ndiyo maana kompyuta inaweza kuonyesha kwamba inatumia asilimia 30 tu ya uwezo wake na bado ikakatakata sauti. Asilimia hiyo ni wastani, na sauti haijali wastani. Kwa bafa ya vipimo 128 programu inatakiwa kuwahi takriban mara 344 kila sekunde, na ikichelewa mara moja tu, msikilizaji anasikia. Joto la pwani huongeza tatizo, kwa kuwa kompyuta mpakato inayopata moto sana hujipunguzia kasi yenyewe.

Mtengenezaji wa mashine inayojitegemea anashinda kwa kuondoa wito huo. Anaijua kila sehemu iliyo ndani, pedi zimeunganishwa moja kwa moja, hakuna programu ngeni itakayojipenyeza, na kazi ya sauti hupewa kipaumbele juu ya nyingine zote. Pia huweka mipaka: MPC Live ilipotoka, njia za sauti zilizorekodiwa zilikuwa 8 tu, huku programu ya kompyuta ikiruhusu makumi. Wengi huiona mipaka hiyo kuwa upungufu. Kwa maoni yangu ni sehemu muhimu ya ubunifu wa chombo chenyewe, kwa sababu mtengenezaji hawezi kuahidi kwamba safari haitakosa saa yake kama hajui ni mzigo gani utakaopakiwa.

Hata hivyo, haifai kudai kwamba kompyuta haiwezi kufika hapo. Tangu kampuni ya Steinberg ilipoleta ASIO, mfumo wa kuunganisha programu ya muziki na kadi ya sauti, mwaka 1997, kadi nzuri ya sauti inaweza kupita kando ya tabaka nyingi za Windows, na kompyuta iliyozimwa Wi-Fi, iliyochomekwa kwenye umeme na kuwekewa bafa ya vipimo 64 au 128 huitikia vidole kwa namna ambayo wapigaji wengi hawataona tofauti. Kusema "wengi" ni kwa makusudi. Uwezo wa kuhisi kuchelewa hutegemea mtu na ala: mpiga ngoma hukerwa mapema kuliko anayepiga sauti ndefu za nyuzi, na mwimbaji anayejisikia kwenye hedifoni hukerwa kwa namna yake, kwa kuwa sauti yake hupita bafa mara mbili, kuingia na kutoka. Kiwango cha milisekunde 10 kinachotajwa mara kwa mara kuwa mpaka wa kuchelewa kusikohisika kitumike kama makadirio tu.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi anapaswa kulijua. Ucheleweshaji huu humgusa anayepiga kwa mkono au kurekodi. Anayepanga midundo kwa kipanya katika FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, haathiriki, maana programu inajua mapema kila noti itaangukia wapi, na zote husogea pamoja. Studio inayofanya kazi kwa njia hiyo haitapata mdundo ulio sawa zaidi kwa kununua mashine. Anayetaka kupiga pedi jukwaani, au kuwarekodi wapiga ngoma kutoka Newala juu ya mdundo wake, ndiye mwenye sababu, na hata yeye aanze kwa kuvua hedifoni za Bluetooth, kwani hizo peke yake mara nyingi huongeza zaidi ya milisekunde 100.

Kabla ya kutumia fedha, kipimo chake ni rahisi. Weka mlio mfupi mmoja katika programu, zima urekebishaji wa kuchelewa kama programu inao, kisha ucheze mlio huo huku ukiurekodi kwa maikrofoni iliyogusana na spika. Kuza picha ya mawimbi na uhesabu vipimo kati ya mlio wa kwanza na uliorekodiwa: vipimo 441 ni milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Rudia kwa bafa ya 1,024, ya 256 na ya 64, na usikilize ni wapi sauti inapoanza kukatika.