Mti na mdomo: jinsi nilivyotengeneza kifaa cha kujifunzia hanzi, alama za maandishi ya Kichina

Weka mti, 木, chini na mdomo, 口, juu yake: unapata 呆, dāi, hali ya mtu aliyepigwa na butwaa. Vigeuze, mti uwe juu na mdomo chini: 杏, xìng, tunda la aprikoti. Vipande ni vilevile viwili, vimebadilishana nafasi tu. Hilo nililieleza ubaoni mara nyingi. Wanafunzi wakaitikia kwa adabu, wakanakili, wakasahau. Siku nilipowapa vipande viwili vya mbao wavisogeze wenyewe mezani, maelezo yangu hayakuhitajika tena.

Nafundisha Kichina Dar es Salaam, na wengi wanaokuja jioni ni wafanyabiashara. Kuongea wanaongea kidogo, ila mbele ya maandishi wanakwama, kwa sababu kila hanzi wanaiona kama picha ya kukariri. Orodha rasmi iliyotolewa China mwaka 2013 ina hanzi 8,105. Ukizihesabu kama picha 8,105, lazima ufunge daftari ukalale. Lakini sehemu kubwa ya hanzi zimeundwa kwa kipande kinachodokeza maana na kingine kinachodokeza sauti. Chukua 青, qīng. Kiongezee maji pembeni: 清 qīng, maangavu. Maneno: 请 qǐng, tafadhali. Jua: 晴 qíng, anga lisilo na mawingu. Moyo: 情 qíng, hisia.

Sisi jambo hili si geni kwetu: mtu, kitu, jitu, utu. Tangu utotoni tunabadilisha kichwa cha neno na mzizi tunauacha. Ila mzizi wetu hubeba maana, na 青 hapa imeazimwa zaidi kwa sauti yake, kwa hiyo mfano huu usiuvute sana, utakatika. Hata sauti yenyewe haiaminiki kila mara: 江, jiāng, mto, ina 工 inayosomwa gōng. Karne zimepita, matamshi yamehama, maandishi yamebaki.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la useremala. Nilimwagiza fundi achonge vipande vyote kwa kipimo kimoja, na havikukaa pamoja hata kidogo. Hanzi huishi ndani ya mraba mmoja, iwe na mistari miwili au ishirini, kwa hiyo jirani akija lazima mwenyeji ajibane. Maji, 水, yakisogea kushoto yanakuwa matone matatu, 氵. Mtu, 人, anakuwa 亻. Itazame 林, msitu, kwa karibu: mti wa kushoto umekunjwa mguu wake wa kulia ukabaki nukta, usije ukamkanyaga mwenzake. Ikabidi kila kipande cha namna hiyo kiwe na maumbo mawili, na lile jembamba nikalitia ulimi unaoingia upande wa kushoto wa fremu pekee. Ukikosea, mbao yenyewe inakataa.

Mbao, hata hivyo, haifundishi mkono kuandika. Kwa hilo nikatengeneza programu ya simu, nikitumia data huria ya Make Me a Hanzi, yenye hanzi zaidi ya 9,000, kila mstari ukiwa na umbo lake na njia unayopita. Jaribio la kwanza lilinichekesha: hanzi zote zilisimama kichwa chini miguu juu! Data hiyo huhesabu urefu kwenda juu, kioo cha simu huhesabu kwenda chini. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa msimbo.

Kilichonitesa ni ukali wa kusahihisha. Mwanzoni programu ililinganisha umbo lote la mstari, na watu wazima wenye vidole vinene wakawa wanafeli mfululizo. Kidole kwenye simu hufunika kilekile kinachochorwa, utamlaumuje mtu kwa kisichoonekana? Sasa inapima mambo matatu tu: mstari umeanzia wapi, umeelekea wapi, na zamu yake imefika au bado. Mtetemo unasamehewa. Ukikosea mara tatu, mstari sahihi unajitokeza kwa rangi hafifu. Katika 国, nchi, walimu husema watu waingie kwanza, ndipo mlango ufungwe. Yaani ule mstari wa chini wa boma huja mwisho. Programu haikuhubirii kanuni hiyo. Ukiwahi kufunga mlango, mstari haushiki.

Pinyin, yaani matamshi ya Kichina yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, nimeificha, haionekani mpaka ubonyeze. Ikiwa wazi, jicho hukimbilia herufi linazozijua na hanzi haisomwi kabisa.

Juzi mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo alinionyesha picha ya boksi la mzigo lililoandikwa 小心轻放, yaani kuwa mwangalifu, weka taratibu.

“Laoshi (mwalimu), huu moyo, 心, wa 小心 si ndio ule wa 情?”

“Ndio huohuo.”

“Mbona kule umesimama mwembamba, na hapa umekaa?”

“Hapa una chumba chake peke yake, kaka. Haubanwi na mtu.”

Akafunua daftari, akaweka kidole kwenye 想, kufikiri. “Na huu wa chini, uliobeba wenzake kichwani?”

Nikapekua sanduku. Moyo mwembamba ulikuwepo, mpana pia ulikuwepo. Mfupi wa kukaa chini sikuwa nao. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa fundi, na karatasi yenye kipimo cha moyo wa tatu.