Utumbo Uliokatwa na Utumbo Uliobaki

Kuna maneno niliwahi kumwambia mama mmoja wodini ambayo siku hizi siyasemi tena: "Mama, mtoto amepona." Mwanawe alikuwa na miezi minane. Alizaliwa na ugonjwa wa Hirschsprung, na mimi, daktari wake wa upasuaji, nilikuwa nimemtoa kipande cha utumbo mpana kisicho na seli za neva, mshono umeshika vizuri, choo kinatoka chenyewe. Miezi mitano baadaye akaletwa usiku, tumbo limejaa kama ngoma, macho yamezama, mwili unachemka. Nilipompitishia mpira kwa njia ya haja kubwa, hewa na choo chepesi chenye harufu kali vilitoka kwa nguvu hadi vikalowanisha joho langu. Alikuwa ameharisha siku tatu. Zahanati ya karibu na kwao walimpa ORS na zinki kama anavyopewa mtoto yeyote anayeharisha, na mama hakuwa na sababu ya kuwabishia, kwa kuwa bingwa alishamwambia mtoto amepona.

Kosa lile lilikuwa langu, ndiyo maana naandika.

Ugonjwa wa Hirschsprung humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa, na wavulana ni karibu mara nne ya wasichana. Mtoto mchanga mzima hutoa kinyesi cha kwanza, kile cheusi kinachonata, ndani ya saa 48. Hawa wengi wao huchelewa. Huku kwetu tunawapokea wakiwa wameshazunguka sana: wamepewa dawa za minyoo, wamekandwa matumbo, wameambiwa ni gesi tu. Wanafika na tumbo kubwa na mikono myembamba.

Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, aliueleza ugonjwa huu mjini Berlin mwaka 1886 kupitia watoto wawili waliofariki wakiwa na utumbo mpana uliotanuka kupita kiasi. Kwa miongo mingi baada yake madaktari walidhani palipotanuka ndipo palipougua. Wakakata pale, na tumbo likajaa tena. Mwaka 1948 huko Boston, Orvar Swenson na mwenzake walichapisha upasuaji uliofuata njia nyingine: kuondoa sehemu ya chini iliyosinyaa, ambayo kwa macho inaonekana haina kasoro, kisha kuushusha utumbo wenye neva na kuushona karibu na tundu la haja kubwa. Sehemu ile ya chini haina seli za neva, kwa hiyo hailegei kupitisha choo. Palipotanuka pamechoshwa na kusukuma tu.

Tangu mwaka 1998, De la Torre wa Mexico alipoeleza namna ya kufanya kazi yote kupitia njia ya haja kubwa, watoto wengi wachanga hawahitaji kupasuliwa tumbo. Wetu wanaochelewa kufika, utumbo ukiwa umeshatanuka sana, bado mara nyingi tunaanza na stoma, yaani tunautoa utumbo nje ya tumbo choo kiingie kwenye mfuko, tunasubiri usinyae, ndipo tunafanya upasuaji mkubwa. Kwa mama, hiyo ni miezi ya kufua vitambaa na kujibu maswali ya majirani.

Wengi huendelea vizuri, na ni watoto wanaokua na kwenda shule. Lakini mzazi anastahili kuambiwa na upande wa pili. Mshono unaweza kuvuja siku za mwanzo. Unaweza kusinyaa, ikabidi kutanuliwa mara kwa mara. Wapo wanaoendelea kufunga choo, na wapo wanaochafua nguo wakiwa wameshafika umri wa shule, jambo linalomuumiza mtoto kuliko kidonda chochote nilichomwachia. Lililo hatari kuliko yote ni uvimbe mkali wa utumbo, enterokolaitisi, ambao ndio hasa unaoua kwenye ugonjwa huu. Huweza kuja kabla ya upasuaji, na huweza kuja baada ya upasuaji uliofanywa bila kasoro. Ndio uliomrudisha mtoto yule usiku ule.

Kwa nini uje baada, wakati kipande kibovu kimeshatoka? Hapo walionifundisha ni panya.

Maabara zimekuwa zikifuga panya wadogo wenye madoa meupe kwenye manyoya ambao hufa mapema, matumbo yamejaa choo. Mwaka 1994 watafiti walionyesha kwamba hitilafu yao iko kwenye jeni ya Ednrb kwa aina moja na Edn3 kwa nyingine, na mwaka huohuo hitilafu ya EDNRB, jeni ileile kwa binadamu, ikapatikana kwa Wamennonite, jamii ya Kikristo ya Marekani, wenye Hirschsprung. Doa jeupe na utumbo uliokufa ganzi vina asili moja. Seli zinazotia rangi kwenye ngozi na seli za neva za utumbo hutoka pamoja kwenye mgongo wa kiinitete, halafu husafiri, hizi kwenda kwenye ngozi, hizi kushuka na utumbo kuanzia juu hadi mwisho. Safari ikikatika, mwisho wa utumbo hubaki mtupu. Ndiyo maana nikiona mtoto mwenye shungi jeupe kwenye paji la uso na tumbo lililojaa, nampeleka pia akapimwe masikio, maana wapo wanaozaliwa viziwi kwa hitilafu hiyohiyo.

Kisha wakaja watafiti wa hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, wakafanya jambo ambalo kila nikilifikiria nastaajabu: waliwapasua panya wa Ednrb, wakawatoa kipande kisicho na neva na kuwashona kama tunavyowashona watoto. Jaribu kuwaza sindano na uzi unaofaa utumbo wa panya! Baadhi ya panya wale walipata enterokolaitisi vilevile. Panya wa aina hii wameonekana pia kuwa na wengu wenye upungufu wa limfosaiti, seli za kinga. Kwa hiyo jeni ile haigusi neva za kipande cha mwisho peke yake. Utumbo niliouacha ndani nao una la kwake.

Panya si mtoto, hilo nalishika. Kwa jeni ya RET, inayohusika zaidi kwa binadamu, panya mwenye nakala moja mbovu huwa mzima, na mwenye mbili hukosa neva za utumbo na figo pia. Kwa watoto, nakala moja mbovu yaweza kutosha kuleta ugonjwa, na ndugu yake mwenye nakala hiyohiyo akawa salama. Ila swali la kwa nini enterokolaitisi huja hata baada ya upasuaji, panya wamelijibu vizuri kuliko nilivyomjibu mama yule.

Sasa hakuna mtoto anayeondoka wodini kabla mama, au bibi anayelala naye, hajapitisha mpira wa kusafishia utumbo kwa mkono wake mbele ya sista: maji ya chumvi ya hospitali, si ya bomba, maana ya bomba hufyonzwa na kuharibu chumvi za damu hadi mtoto apate degedege. Kwenye kadi ya kliniki naandika kwa herufi kubwa: TUMBO KUJAA, KUHARA KUNAKONUKA, HOMA, KULEGEA — ALETWE LEO, ASISUBIRI KESHO.

Mtoto yule tulimsafisha utumbo usiku kucha, tukampa metronidazole, dawa ya kuua bakteria, na maji ya mshipa, na alfajiri tumbo likalainika. Mama aliniuliza, bila hasira, "Daktari, kwa hiyo itarudi?" Nikamwambia inaweza, na kwamba hatari hupungua kadiri miaka inavyosonga. Akaomba apewe mpira wa akiba.